Usifunike Kilicho Kibichi: Neno la Siku za Majilio

Masomo: Mithali 28:13; Zaburi 32:1–5; Mathayo 5:23–24.



Siku za Majilio zimekaribia. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na kutoka hapo twahesabu Jumapili nne hata Siku Kuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu. Katika nyumba nyingi za Wakristo kazi ya jikoni imekwisha kuanza, maana wako wanaojua kuoka keki ya siku kuu na kuipamba. Leo nataka kuwaambia habari ya mapambo hayo ya sukari, jinsi yanavyofanywa mapema na jinsi yanavyowekwa hata siku yake ifike. Huenda mtu akasema, "Mchungaji ameiacha Injili, ameingia jikoni." Mtu huyo asicheke upesi. Bwana wetu alimtazama mwanamke akitia chachu katika unga, akaona humo mfano wa ufalme wa mbinguni. Akamtazama mwingine akiwasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya shilingi moja iliyopotea, akaona humo furaha ya malaika. Basi na sisi tusione haya kuketi jikoni kidogo, kama tuna masikio ya kusikia.

Kwanza niseme habari ya kazi yenyewe, ili asiyeijua apate kuifahamu.

Huchukuliwa ute wa mayai, mbali na kiini, ukachapwa pamoja na sukari ya unga, ile ambayo wenye maduka huiita aisingi. Kwa ute wa yai moja hutiwa sukari kama gramu 225 au 250, na matone machache ya maji ya limau. Huchapwa hata uwe mweupe sana na mzito, ukiinua kijiko usimame kama ncha ya mkuki. Bakuli sharti liwe safi kabisa. Likiwa na mafuta kidogo tu, au tone la kiini likianguka ndani, ute haupandi, hata uuchape mpaka mkono uchoke. Kisha hutiwa katika mfuko wa karatasi uliokatwa ncha, ukakamuliwa polepole juu ya karatasi ya kuokea, hata iwe nyota, au hua, au ua. Tena, kwa kuwa ute mbichi waweza kuwa na vijidudu vya maradhi, ni heri kutumia ute uliokaushwa kuwa unga, ambao vijidudu vyake vimekwisha kuuawa, hasa keki ikiwa ya watoto wadogo, wazee, wagonjwa na mama wajawazito.

Hapo mapambo yamekwisha kuumbwa, lakini kazi haijaisha. Kazi iliyobaki ni ya siku, si ya mikono. Mapambo huachwa wazi mahali pakavu penye hewa, mbali na jua kali, lisije likafifisha rangi. Yaliyo membamba hukauka kwa siku moja. Yaliyo manene hutaka siku mbili au tatu, na wakati wa mvua zaidi ya hizo. Upande wa juu ukiisha kushika, hugeuzwa, ili upande wa chini, usioonekana na watu, nao upate hewa. Yakiisha kukauka kabisa hata katikati, ndipo huwekwa katika mkebe wenye kifuniko kizuri, safu kwa safu, na karatasi kati ya safu na safu, na mkebe huwekwa mahali pakavu pasipo joto. Hayawekwi katika jokofu, kwa kuwa mna unyevu, na kitu kikitolewa humo kuingia katika joto hutoka jasho. Mapambo yaliyotunzwa hivi hukaa miezi pasipo kuharibika. Lakini hayatiwi juu ya keki yenye krimu mpaka saa ya kuliwa ikaribie, maana unyevu wa krimu huyayeyusha.

Kazi hii hatukuivumbua sisi. Huko Uingereza keki kubwa yenye mapambo ya sukari ilikuwa zamani keki ya Epifania, yaani tarehe 6 Januari, siku ya kuwakumbuka Mamajusi. Wapishi wa London waliiweka madirishani mwa maduka yao ikiwa na sanamu za sukari, watu wakaja kuitazama. Katika karne ya 19 desturi ile ilihamia kwenye Krismasi. Nao wapishi wa huko huifunika keki kwanza kwa lozi zilizosagwa zikakandwa na sukari, kisha hungoja siku kadhaa zikauke, kabla ya kupaka sukari nyeupe juu yake. Asiyengoja, mafuta ya lozi hupenya yakaja juu, na weupe wote hushikwa na madoa.

Tena katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani, iliyoyapokea Matengenezo ya Kanisa mwaka 1534, kuna mikate midogo ya Krismasi iitwayo Springerle. Unga wa ngano, mayai na sukari hukandwa, ukagandamizwa kwa kibao cha mti kilichochongwa sanamu ya ua, au ya mnyama, au ya habari fulani ya Biblia. Mikate ile haiokwi saa ile ile. Huachwa usiku kucha, mara nyingi siku nzima, ili uso wake ukauke, ndipo huokwa kwa moto mdogo. Ikiokwa kabla haijakauka, unga hufura kila upande na sanamu hupotea; husalia mkate tu usio na sura. Baada ya kuokwa huwekwa mikebeni kwa majuma kadhaa, maana ni migumu, na kwa kukaa hulainika. Kwa sababu hiyo akina mama wa huko huanza kazi mwanzoni mwa Majilio, au hata kabla yake.

Mwaona, ndugu zangu, watu wa nchi mbalimbali wamejifunza neno lile lile: uzuri wa siku kuu hutaka siku nyingi kabla yake, na kilicho kibichi hakifunikwi. Neno hilo ndilo lililonihukumu mimi. Nisameheni nikisema habari zangu mwenyewe. Afadhali mchungaji afunue kosa lake kuliko kuwahubiri wengine juu ya makosa yao.

Katika usharika wetu, huku milima ya Usambara, tuna desturi: kila Krismasi akina mama huoka keki moja kubwa. Baada ya ibada hukatwa vipande, watoto wakapewa, na vipande vingine hupelekwa kwa wagonjwa na wajane wasioweza kuja kanisani. Keki huokwa na mke wa mzee mmoja wa kanisa. Mapambo hufanywa na mke wangu. Hivyo nyumba mbili hushirikiana katika kazi moja.

Mwaka mmoja, katikati ya Oktoba, nilikaa na wazee kutazama hesabu za sadaka ya mavuno. Mzee yule, mume wa mama mwoka keki, ndiye aliyetunza fedha. Nilipozilinganisha na kitabu changu, niliona fedha zimepungua. Sikumwita faraghani kwanza, kama Bwana alivyotuagiza. Nilimwuliza mbele ya wazee kumi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza. Akasema, "Mchungaji, nilichopokea ndicho nilicholeta." Hakuongeza neno. Toka siku ile alikuja ibadani, akaketi mahali pake, akaimba pamoja nasi. Lakini wakati wa Meza ya Bwana hakusimama.

Katika juma la pili la Novemba mke wangu alifanya mapambo, nyota nyeupe na maua mekundu, akayapanga mezani juu ya karatasi. Usiku ule ikaja habari kwamba mama yake hawezi, naye asubuhi na mapema akaondoka kwenda kumwuguza. Mlangoni aliniambia, "Baba, usiyaguse mapambo hata siku ya nne. Mvua za vuli ni nyingi." Jioni yake nikaitaka meza ile, nipate kuvikunjua vitabu vya hesabu za mwaka. Nikagusa nyota moja kwa kidole, nikaiona kavu. Nikasema moyoni, Wanawake huyazidisha mambo. Nikayakusanya yote, nikayatia mkebeni, nikashindilia kifuniko, nikauweka mkebe juu ya kabati.

Kisha nikavifungua vitabu. Nikazipitia tena hesabu za mavuno, ukurasa kwa ukurasa, na kabla ya saa nne ya usiku nikaliona kosa. Mzee hakupunguza hata senti moja. Mimi ndimi niliyegeuza tarakimu mbili nilipoandika: 18,000 niliiandika 81,000. Nikaketi muda mrefu nikiitazama taa. Nikajua imenipasa kwenda kwake. Lakini nikafikiri, Wazee watasemaje? Mchungaji aliyesoma chuoni miaka mingi hajui kuandika hesabu? Basi nikaisahihisha tarakimu kwa wino, nikakifunga kitabu. Kesho yake nilipokutana na mzee njiani, nilimsalimu kwa uchangamfu kuliko desturi yangu, nikamwuliza habari za migomba yake na habari za wajukuu. Naye akajibu vizuri. Nikajisemea, Yamekwisha, na kama kuna kilichosalia, Krismasi itakifunika.

Hivyo kwa usiku mmoja nilifunika vitu viwili, na vyote viwili vilikuwa vibichi.

Mke wangu aliporudi baada ya siku kumi, aliona meza tupu na mkebe umefungwa, akadhani kwamba nilingoja kama alivyosema. Mimi nami nikanyamaza. Tarehe 24 Desemba, alasiri, mke wa mzee akaja na keki kichwani, imefunikwa kwa kitambaa safi. Ilikuwa nzuri sana. Mke wangu akaushusha mkebe, akaufungua mbele yake, akakaa kimya. Nyota zilikuwa zimeshikamana kuwa donge moja, laini kama nta iliyo karibu na moto. Wekundu wa maua ulikuwa umeingia katika weupe wote. Hapakuwa na pambo moja lililo zima.

Akaniuliza, "Uliyaweka siku ya ngapi?"

Nikasema, "Siku ya kwanza. Lakini niligusa, nikayaona makavu."

Akasema, "Baba, uligusa juu. Ndani yalikuwa mabichi. Ungaliyaacha wazi, maji yangalitoka yenyewe. Ulipoyafunika, maji hayakuwa na njia."

Hakusema kwa hasira. Mke wa mzee akamtuliza, akasema, "Si kitu, Mama Mchungaji. Keki italiwa bila maua." Lakini mimi sikuweza kukaa tena katika chumba kile. Nilimtazama yule mama aliyetuletea keki kwa mikono miwili, naye hakujua kwamba karatasi iliyomtakasa mumewe ilikuwa kabatini mwangu tangu Novemba.

Nikaenda jioni ile ile, mvua ikinyesha. Mzee akanikaribisha, akanipa kiti karibu na moto. Nikamwambia, "Baba, nimekukosea. Fedha hazikupungua. Kosa lilikuwa la kalamu yangu, nami nimelijua kwa majuma sita, nikalificha." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, nimesikia, nami nakusamehe, kwa kuwa mimi nami nimesamehewa na Bwana. Lakini kwa majuma kumi nimepita sokoni watu wakiitazama mikono yangu. Ulinisema mbele ya watu kumi. Hao kumi hawapo hapa."

Nikasema, "Nitawaambia."

Akasema, "Uwaambie. Na moyo wangu uupe siku. Usinihimize."

Kesho yake, siku yenyewe ya Krismasi, baada ya ibada niliwakusanya wazee katika chumba cha kuvalia, nikaungama kosa langu mbele yao. Wawili walikuwa safarini kwa ajili ya siku kuu. Hao niliwaambia mwezi wa Januari. Keki ikakatwa bila mapambo, na watoto hawakuuliza habari ya maua. Lakini asubuhi ile, nilipoigawa Karamu ya Bwana, mzee alibaki ameketi kitini pake, na mkono wangu ulitetemeka, maana nilijua ni nani aliyemzuia. Alikuja mezani Jumapili ya pili ya Kwaresima, yeye na mkewe. Nilitamani aje Krismasi. Lakini mapambo hayakaushwi kwa usiku mmoja, wala moyo uliojeruhiwa haupoi kwa usiku mmoja. Siku zilizohitajiwa zilikuwapo, tangu Novemba. Mimi ndimi niliyezipoteza kwa kufunika.

Sasa na tuyatazame Maandiko. Katika Mithali 28:13 twafundishwa kwamba mtu afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali mwenye kuziungama na kuziacha hupata rehema. Lakini Zaburi 32 huanza kwa kumwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa. Je, Maandiko yanapingana? Huku kufunika kwalaumiwa, kule kwabarikiwa. Hasha, hayapingani. Soma mbele kidogo katika zaburi ile. Daudi asema kwamba siku alizokaa kimya alidhoofika hata mifupani. Lakini alipomjulisha Mungu uovu wake, asiufunike tena, Mungu alimsamehe. Basi kuna vifuniko viwili. Kifuniko cha mwanadamu huwekwa juu ya dhambi ikiwa ingali ndani, mbichi, na humo giza na unyevu huifanyia kazi. Kifuniko cha Mungu huja baada ya kuungama, dhambi ikiwa imekwisha kuondolewa kwa damu ya Kristo. Mungu hafuniki uchafu tu usionekane. Hufunika kwa kuwa amekwisha kusamehe. Atakaye kufunikwa na Mungu, na akiondoe kifuniko chake mwenyewe.

Wala Maandiko hayalaumu kuweka akiba. Kumbukeni mana katika Kutoka 16. Waliyoiweka hata asubuhi kinyume cha neno la Mungu iliingia mabuu ikanuka. Waliyoiweka kwa ajili ya sabato, kama Mungu alivyoagiza, haikuharibika. Chakula kilikuwa kile kile, na vyombo vile vile. Tofauti ilikuwa katika kulitii neno au kutolitii. Hivyo na sisi tunaojiweka tayari kwa Siku Kuu, na tujiulize kama tunajitayarisha kwa njia ya Mungu au kwa njia yetu.

Basi naweka mbele yenu mashauri matatu.

Kwanza, tuanze mapema. Mwaka 1839, huko Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyewalea watoto maskini katika nyumba iitwayo Rauhes Haus, aliwafanyia watoto gurudumu lenye mishumaa midogo kwa siku za kazi na mikubwa minne kwa Jumapili za Majilio, ili wapate kuona jinsi siku zinavyokwenda kuikaribia Krismasi. Toka hapo likaja taji la Majilio tulijualo. Nuru huongezwa siku kwa siku, haiwashwi yote mara moja. Naye Martin Luther, katika neno la kwanza la yale 95 ya mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya waaminio ni toba. Kama toba ni ya maisha yote, tusiisukume hata tarehe 24 Desemba jioni, wakati kengele ziko karibu kulia. Aliye na neno na ndugu yake, aende katika juma la kwanza. Ndugu yake naye apate siku zake.

Pili, tuache wazi hata kilicho ndani kikauke. Niligusa juu nikaridhika. Salamu nzuri njiani ni upande wa juu. Kupeana mikono mlangoni mwa kanisa ni upande wa juu. Bwana wetu katika Mathayo 5 hamwambii mtu atabasamu kisha atoe sadaka. Amwambia aiache sadaka madhabahuni, aende, apatane kwanza, ndipo arudi. Nanyi walimu, hapa nawasihi. Msiwasimamishe watu wawili mbele ya usharika siku ya mkesha, mkawashurutisha kushikana mikono, mkaandika kwamba wamepatana. Hiyo ni kazi ya kifuniko. Waendeeni mapema, wasikilizeni kila mmoja peke yake, ugeuzeni upande wa chini. Kosa lililotendwa faraghani na liungamwe faraghani, wala msilitangaze. Lakini aliyemwaibisha mwenzake mbele ya watu, na amrudishie heshima yake mbele ya watu wale wale. Na aliyeumizwa asihimizwe kuliko awezavyo. Kusamehe ni amri ya Bwana; lakini aliyemkosea mwenzake hana haki ya kumhesabia siku.

Tatu, kilichokauka kiwekwe vema. Kifuniko si kibaya. Kina wakati wake. Mapambo yakiisha kukauka, mkebe hufungwa, nao haufunguliwi kila siku, kusudi unyevu usiingie. Hivyo na neno lililokwisha kuungamwa na kusamehewa. Lifungwe. Lisifunguliwe tena kisimani, wala katika vikundi vya maombi, wala katika simu zetu, ambazo siku hizi huchukua masengenyo upesi kuliko miguu. Mtume Petro afundisha kwamba upendo hufunika wingi wa dhambi, naye hakusema habari ya kuficha uovu. Alisema habari ya moyo uliosamehe, usiotaka kulichimbua tena lililozikwa. Na bakuli letu liwe safi tangu mwanzo. Tone moja la mafuta huuzuia ute wote usipande. Chuki ndogo iliyohifadhiwa huizuia kazi ya usharika mzima, watu wakachapa mpaka mikono ichoke, wasijue sababu.

Lakini mtu asije akaondoka hapa akidhani kwamba kujitayarisha kwetu ndiko kunakomleta Kristo. Hasha. Pambo si keki, wala keki si Krismasi. Mwana wa Mungu alipozaliwa Bethlehemu, hapakuwa na mtu aliyemtengenezea mahali. Mama yake alimlaza katika hori ya ng'ombe, kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi. Alikuja penye nyumba isiyo tayari, akaja bado. Hata ile Krismasi ya kwangu, ya keki tupu na mzee aliyebaki kitini, alikuja. Kama asingalikuja kwa wasio tayari, mimi nisingalithubutu kusimama madhabahuni. Basi ninyi msio na fedha za sukari wala lozi, msione haya. Hamkupungukiwa na kitu cha Krismasi. Twajitayarisha si kwa kumnunua Bwana, bali kwa kuwa yeye amekwisha kutupenda. Naye ajaye kwetu kwa rehema, tutathubutuje kumpokea huku ndugu yetu akilia nyuma ya mlango?

Mwaka uliofuata mke wangu alitengeneza mapambo tena mwezi wa Novemba. Kwa siku nne meza haikuwa yangu; hesabu nilizifanya juu ya magoti. Mzee alikuja kuzitazama pamoja nami, kama tulivyokubaliana, mstari kwa mstari, naye ndiye ajumlishaye kwanza. Mke wake akaketi na mke wangu, wakazigeuza nyota moja moja, upande wa chini ukaelekea juu. Krismasi ilipofika, mkebe ulifunguliwa, na kila nyota ilikuwa kavu na nyeupe.

Basi kila mmoja na autazame mkebe wake wakati siku zingaliko. Kama kuna kilichofunikwa kikiwa kibichi, na akifunue leo mbele za Mungu, na mbele ya ndugu yake. Bwana wetu Yesu Kristo, nuru ya kweli, atuangazie ndani hata mahali tusipopagusa, atukaushe, atusafishe, na mwisho atufunike yeye mwenyewe kwa haki yake. Amin.